Kupangisha nyumba yako wakati wa mashindano makubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashindano makubwa yakikaribia, hoteli hujaa, na watu ambao hawajawahi kupangisha hata chumba cha uani huanza kuulizana, "Na sisi je?" Mimi nimeshahama nyumba yangu mara mbili kwa ajili hiyo. Mara ya kwanza nilirudi na hela kiduchu na hasira tele. Mara ya pili nilirudi na hela, na nikalala usingizi. Majibu yafuatayo yametoka katika tofauti ya mara hizo mbili, na katika yale yaliyoikuta miji iliyokwisha kupokea wageni wa namna hii.

Kuna hela kweli, au ni maneno tu?

Hela ipo, ila si ile unayoiona kwenye matangazo. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni bei inayoombwa, haijalipwa na mtu. Jirani akikwambia nyumba fulani "inakwenda" kwa bei mara kumi ya kawaida, muulize: imeshachukuliwa, au bado iko kwenye kalenda inasubiri?

Paris ililionja hilo mwaka 2024. Michezo ya Olimpiki ilikuwa ya tarehe 26 Julai hadi 11 Agosti, na miezi mingi kabla wenye nyumba walikuwa wamepandisha bei mpaka zikatisha. Tatizo ni kwamba wazo lile lile liliwajia watu wengi kwa wakati mmoja. Nyumba zikawa tele, wageni wakawa na pa kuchagua, bei zikateremka, na waliong'ang'ania bei zao wakabaki na vyumba vitupu.

Kinyume chake ni Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Huko mashindano ya gofu ya Masters hufanyika kila Aprili, na kwa miaka mingi wenyeji wamekuwa wakifunga mizigo na kuwaachia wageni nyumba kwa wiki moja. Mji si mkubwa, hoteli hazitoshi, na tukio hurudi kila mwaka, kwa hiyo mgeni wa mwaka huu huenda akawa wa mwakani pia. Kabla ya kuota, tazama mji wako unafanana na upi kati ya hii miwili.

Nianzie wapi?

Anza na ruhusa. Picha na tangazo vitafuata. Kuna milango minne ya kubisha: sheria za mji, mkataba wa nyumba (wa pango au wa mkopo wa benki), kanuni za jengo kama unaishi ghorofani, na kampuni ya bima. Mmoja ukifungwa, mengine yote ni kupoteza muda.

Sheria zinatofautiana mno. London, nyumba nzima inaruhusiwa kupangishwa kwa muda mfupi hadi usiku 90 kwa mwaka, na zaidi ya hapo unahitaji kibali cha mipango miji. Paris, anayepangisha makazi yake mwenyewe lazima awe na namba ya usajili na aiweke kwenye tangazo. Kikomo kilikuwa usiku 120 kwa mwaka, kikapunguzwa hadi 90 kuanzia Januari 2025. New York ni kali zaidi. Tangu Septemba 2023, kwa ukaaji wa chini ya siku 30, mwenyeji anatakiwa awe amesajiliwa, awepo nyumbani pamoja na wageni, na wageni wenyewe wasizidi wawili. Wazo la kumwachia shabiki funguo na kuondoka halipo hapo. Sheria haisomi ratiba ya mechi.

Usajili nao huchukua muda. Ukiusubiri mpaka wiki za mwisho utakuta foleni ya watu waliozinduka siku moja na wewe.

Mimi ni mpangaji tu. Naweza kupangisha?

Ukiwa na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye nyumba, na mji ukiruhusu, ndiyo. Bila hiyo ruhusa unahatarisha makazi yako ya mwaka mzima kwa hela ya siku tano. Maneno ya mdomo, "haya, hamna shida," hayatakusaidia siku jirani akilalamika.

Lazima nihame nyumba nzima?

Hapana. Airbnb yenyewe, programu ya mtandaoni ya kupangishia nyumba kwa muda mfupi, ilizaliwa sebuleni. Oktoba 2007, Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa San Francisco, kodi ya pango imewashinda, na mji umejaa wabunifu waliokuja kwenye mkutano. Wakajaza upepo magodoro matatu, wakayatandika sebuleni, na kuwatoza wageni dola 80 kwa usiku. Mkutano haukuwa wa michezo, lakini hesabu ilikuwa hii hii: hoteli zimejaa, na wewe una sakafu.

Kubaki nyumbani kuna faida tatu: hulipii pa kulala, unaona kinachoendelea, na baadhi ya miji huruhusu hilo tu. Gharama yake ni kuzungumza. Mgeni atataka kukusimulia goli, saa saba ya usiku, akiwa amesimama mlangoni mwa bafu. Kama wewe ni mtu wa kulala mapema, hama.

Niweke bei gani?

Kwanza jua wanunuzi wako wanakujaje. Watu hudhani shabiki anahamia mji mmoja mwezi mzima. Wengi wao huifuata timu. Kombe la Dunia la 2026 limepangwa kuwa na timu 48, mechi 104 na miji 16 katika nchi tatu, kuanzia 11 Juni hadi 19 Julai. Shabiki wa timu moja anaweza kuwa na mechi tatu za makundi katika miji mitatu. Kwako wewe hiyo ni mikupuo ya usiku mbili au tatu, na katikati yake siku kavu.

Kwa hiyo:

Tarehe za fainali zinajulikana mapema, nawe unaweza kuzifungua mapema kwa bei ya juu. Za hatua ya makundi zisubirie droo. Mechi ya timu mbili zenye mashabiki wanaosafiri kwa maelfu na mechi ya timu zisizo na wasafiri ni biashara mbili tofauti, hata kama uwanja ni ule ule. Za mtoano ni ngumu kuliko zote, maana anayekuja hujulikana siku chache kabla. Hapo bei yako iwe tayari kupanda na kushuka, na simu iwe mkononi usiku timu zinapofuzu.

Weka idadi ya chini ya usiku, mbili au tatu, ili usiku wa mechi usinunuliwe peke yake ukakuachia mabaki yasiyouzika. Siku zikisogea na bado kuna nafasi, legeza sharti hilo kabla hujashusha bei.

Usiwasahau wasio mashabiki. Waandishi wa habari, mafundi wa matangazo, watu wa jukwaa na taa: hawa huja kabla ya mechi ya kwanza, huondoka baada ya ya mwisho, hulipiwa na ofisi, na jioni wamechoka kiasi kwamba hawana nguvu ya kupiga kelele. Mgeni wangu bora alikuwa fundi wa nyaya. Alitumia nyumba kwa kulala na kufua tu.

Halafu fanya hesabu ya kinachobaki. Tuseme umepata usiku 5, kila mmoja 100, jumla 500. Kamisheni ya programu ya kupangishia, tuseme 15 kwa kila 100, ni 75. Usafi 40. Shuka, mito na taulo za ziada 60. Kufuli mpya na nyongeza ya bima 30. Nauli ya kwenda utakakojihifadhi na kurudi 25. Na pa kulala wewe na familia, kama huna ndugu wa kukupokea, 30 kwa usiku, yaani 150. Jumla ya matumizi ni 380, na mkononi una 120 ambazo hazijakatwa kodi. Badilisha namba kwa za kwenu. Mstari wa pa kulala ndio utakaokushtua, na ndio watu husahau kuuandika.

Nitumie programu, au nitafute mgeni mwenyewe?

Kwa mara ya kwanza, tumia programu. Kamisheni inauma, lakini unanunua vitu vitatu: mgeni ambaye wengine wamemwandikia maoni, malipo yasiyopita mkononi mwa mtu, na mahali pa kushtaki. Airbnb, kwa mfano, kwa kawaida huachia malipo ya mwenyeji saa 24 hivi baada ya mgeni kuingia, kwa hiyo usipange kulipia safari yako kwa hela hiyo.

Ukipata mgeni kwa njia ya marafiki, andika mkataba hata wa ukurasa mmoja: majina, tarehe na saa za kuingia na kutoka, idadi ya watakaolala, amana, na itakuwaje akighairi. Usikabidhi funguo kabla hela haijasoma kwenye akaunti yako. Picha ya risiti aliyokutumia haitoshi.

Matapeli nao wana msimu wao. Mbinu ya kale ni "nimelipa zaidi kwa bahati mbaya, nirudishie tofauti": malipo yake yalikuwa hewa, utakachorudisha ni hela yako halisi. Nyingine ni mgeni anayetaka mtoke kwenye programu mkamalizane kwa meseji eti mpunguze kamisheni. Na iko ya tatu ambayo wenye nyumba hawaifikirii: mtu anachukua picha zako na kuipangisha nyumba yako kwa shabiki mwingine. Siku ya mechi familia ya watu wanne inakugongea na mabegi. Tafuta picha zako mtandaoni mara moja moja uone kama zimezaa.

Na kodi?

Hapa Kiswahili hututega: neno moja kwa hela unayopokea na kwa hela unayodaiwa na serikali. Nazungumzia ya serikali.

Marekani ina kanuni maarufu ambayo watu wameibandika jina la Augusta, kwa sababu ya wale wenyeji wa gofu. Ukipangisha makazi yako kwa siku zisizofika 15 katika mwaka, mapato hayo hayaingii kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu, ingawa na wewe huruhusiwi kukata gharama za upangishaji huo. Siku ya kumi na tano ikifika, kila kitu kinabadilika. Usiibebe kanuni hii kwenda nayo nchi nyingine kwa sababu umeisoma mahali. Kwingine kodi inaanza na usiku wa kwanza, na miji mingi huongeza tozo ya kila usiku ambayo mara nyingine programu huikata yenyewe na mara nyingine huiacha kwako.

Programu kubwa zinazidi kutakiwa kupeleka taarifa za mapato ya wenyeji kwa mamlaka za kodi. Weka kila risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkaguzi haulizi ulipoteza wapi.

Bima yangu ya nyumba si inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Bima ya makazi imeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi kwake, na mgeni anayelipa huhesabiwa kuwa biashara. Piga simu, eleza tarehe, omba jibu la maandishi.

Ulinzi wa programu hauchukui nafasi ya bima. Ule wa Airbnb unataja uharibifu hadi dola milioni 3, namba inayolewesha, lakini dai linatakiwa lipelekwe ndani ya siku 14 baada ya mgeni kutoka, likiwa na ushahidi. Ushahidi ni picha za kabla. Siku ya kuondoka pita na simu chumba kwa chumba, rekodi video, fungua makabati, ingiza kamera chini ya sinki, mulika meza kwa pembeni ili mikwaruzo ya zamani ionekane. Mara ya kwanza nilidai meza iliyochunwa kona. Picha niliyokuwa nayo ni ya tangazo, na kwenye ile kona nilikuwa nimeweka chungu cha maua.

Vitu vyangu niviweke wapi?

Chagua chumba kimoja, au kabati kubwa moja, kiwe cha kufungwa. Humo ziingie hati za nyumba, vyeti, pasi, vito, kompyuta, dawa, barua za benki, na picha ambazo hazina nakala. Kisha rudi uingize na vile unavyoviona havina thamani: kikombe alichokuachia mama, koti unalolipenda. Mgeni hajui kipi ni kikombe tu na kipi ni mama.

Ufunguo wa chumba hicho ondoka nao. Nasema hivi kwa sababu mimi nilikifunga vizuri, nikaujaribu mlango mara mbili, kisha ufunguo nikauacha kwenye droo ya vijiko. Mgeni aliupiga picha, akanitumia na kuuliza kama ni wa mlango wa nyuma.

Jokofu likombwe, rafu moja ibaki ya vitu vyako ukiandika "vya mwenyeji". Nenosiri la wifi badilisha kabla na baada. Na kwenye runinga, toka kwenye akaunti zako zote. Hutaki mtu anunue filamu kwa kadi yako wakati wa mapumziko.

Mgeni aachiwe maelekezo gani?

Karatasi moja yenye maandishi makubwa, siyo kitabu. Iseme wifi, maji ya moto, taka, kizima moto na kisanduku cha dawa za huduma ya kwanza viko wapi, namba yako, namba ya mtu aliye karibu anayeweza kufika kwa dakika 20, na namba za dharura. Vingine vyote bandika pale pale vinapohusika. Nilikuwa nimeandika aya nzima kuhusu hita ya bafuni, na bado simu ililia saa tano usiku. Sasa juu ya swichi yenyewe kuna kipande cha utepe: "Washa, subiri dakika 15." Simu haijalia tena.

La muhimu kwa shabiki ni kurudi. Kwenda uwanjani kila mtu anajua. Tatizo ni saa sita usiku watu elfu hamsini wakitoka kwa pamoja. Mwandikie usafiri wa mwisho ni saa ngapi, njia ya miguu yenye taa, na mtaa gani hufungwa siku za mechi. Uliza pia mapema kama eneo lenu litawekewa uzio wa usalama. Paris, siku za kabla ya sherehe ya ufunguzi, wakazi na wageni wa kando ya mto Seine walihitaji kibali chenye msimbo wa QR kufika walikolala, na kibali hicho kiliombwa mapema.

Vitambua moshi vifanye kazi. Penye kifaa cha gesi, weka na kitambua kaboni monoksidi. Hili halina mjadala.

Wakifanya sherehe je? Naweza kuweka kamera?

Timu ikishinda watashangilia, na hukuwapangishia ili wanong'one. Kinachozuilika ni wageni wanne kuwa arobaini. Andika idadi ya watu kwenye tangazo na kwenye karatasi, na taja saa ya utulivu. Airbnb ilipiga marufuku sherehe dunia nzima mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaifanya kuwa kanuni ya kudumu, kwa hiyo una mahali pa kuegemea.

Kamera ndani ya nyumba, hapana. Airbnb imezikataza kabisa tangu 30 Aprili 2024, hata zilizozimwa, na hata bila kanuni hiyo ni aibu kumpiga picha mtu aliyelipia faragha. Ya nje, inayotazama mlango, itaje kwenye tangazo.

Majirani waendee mwenyewe kabla ya tangazo kutoka. Waachie namba ya simu na uipokee ikilia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako amelipia siku zote, kwa hiyo jembe utalishika wewe, na mto atakaoushika jirani masikioni ni wake mwenyewe.

Mashindano yakiahirishwa, au mgeni akighairi?

Yametokea. Olimpiki ya Tokyo ya 2020 iliahirishwa mwezi Machi mwaka huo, ikafanyika Julai na Agosti 2021, na mashabiki kutoka nje hawakuruhusiwa kuingia. Kila aliyekuwa amenunua vitanda kwa mkopo alibaki na vitanda. Chagua sera ya kughairi ukiwa umeisoma, na usinunue kwa kutegemea hela ambayo mgeni anaweza kudai arudishiwe.

Na wewe je, ukipata anayetoa zaidi? Usimwondoe wa kwanza. Programu hutoza faini na kufunga tarehe zako, na kuna mtu aliyekwisha kukata tiketi ya ndege kwa neno lako.

Mgeni akikataa kutoka?

Kwa usiku nne ni nadra. Hatari huja na ukaaji mrefu: California, kwa mfano, aliyekaa zaidi ya siku 30 anaweza kuwa na haki za mpangaji, na hapo kumtoa ni shauri la mahakama. Kombe la Dunia la 2026 ni siku 39 kuanzia mechi ya kwanza hadi fainali. Mtu akizitaka zote, pata ushauri wa mwanasheria kwanza.

Siku ya kurudi nifanye nini?

Rudi mchana, kwenye mwanga. Kabla ya kufagia, pita tena na simu kwa njia ile ile uliyopita siku ya kuondoka, ulinganishe. Vuta maji vyooni, fungua mabomba, washa majiko. Angalia chini ya vitanda na nyuma ya mapazia. Kama kuna kilichovunjika, mwandikie mgeni siku hiyo hiyo kupitia programu, kwa upole na kwa picha.

Utakuta vilivyosahaulika: chaja, soksi, chupa ya sabuni ya nywele. Vipige picha, mtumie mgeni, muulize kama anavitaka, na gharama ya kuvituma ni yake. Mimi ninayo skafu ya timu iliyotolewa hatua ya makundi. Nilimwandikia mwenyewe mara mbili, akajibu kwamba hakuisahau.